Mgonjwa Asipofikiwa, Nani Ataulizwa?

Mama akifariki kwa kutoka damu akiwa njiani, kati ya zahanati ya kijiji na hospitali ya wilaya, msibani husemwa kwamba siku yake ilikuwa imefika. Maneno hayo yana kazi yake. Yanawatuliza wafiwa wasije wakaanza kulaumiana kabla maiti haijazikwa, na hakuna mwungwana atakayeyapinga mbele ya kaburi. Lakini arobaini ikishapita swali linabaki palepale. Gari la wagonjwa lilikuwa wapi? Nani alipaswa kulileta? Na kama hapakuwa na mtu yeyote aliyepangiwa kulileta, je, tuseme basi kwamba hakuna aliyekosa? Naamini lipo jibu, na lipo katika hukumu ambayo mtoto wa Kiislamu wa pwani huisikia tangu chuoni: fardhi kifaya. Dai langu ni kwamba kumfikia mgonjwa wa dharura aliye mbali ni fardhi iliyo juu ya jamii nzima. Haiondoki kwa huruma wala kwa nia njema. Huondoka pale tu mtu anapofika, tena kwa wakati. Na kwa kuwa mbali na miji hatuwezi kutegemea mpita njia atokee kwa bahati, fardhi hii inataka awepo mtu aliyewekwa kumngojea mgonjwa kabla mgonjwa mwenyewe hajajua kwamba ataugua.

Tuanze na jinsi vifo hivi vinavyotokea, maana hoja ya maadili isiyojua kazi inavyokwenda ni maneno matupu. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha makala ambayo hadi leo hutumika kufundishia wauguzi na madaktari. Waliona kwamba vifo vya uzazi vinatokana na kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta tiba, kuchelewa kufika penye tiba, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mwanamke anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili. Sasa chukua usiku mmoja wa masika katika zahanati yenye muuguzi mmoja. Kondo la nyuma limegoma kutoka na damu inalowesha kitenge cha tatu. Muuguzi ameshachoma sindano ya oksitosini, ameshatundika dripu, na anajua kwamba alivyo navyo havitoshi: mama huyu anahitaji kuongezewa damu na kuingizwa chumba cha upasuaji, na vyote viwili viko wilayani. Anapiga simu. Gari la wagonjwa la halmashauri limempeleka mgonjwa mwingine mkoani, au liko juu ya mawe likingoja kipuri. Ndugu wanaanza kuchangishana pesa ya mafuta. Anapatikana kijana wa bodaboda, na mama anapakiwa mshikaki, katikati ya dereva na dada yake. Dada ameinua chupa ya dripu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amemkumbatia mgonjwa asiporomoke. Wakifika mtoni wanakuta maji yamejaa, wanasimama wakisubiri yapungue.

Katika mlolongo huo hakuna mtu mbaya hata mmoja. Muuguzi hakulala, ndugu walichanga, kijana wa bodaboda alitoka kitandani usiku wa manane bila kuuliza atalipwa nini. Wema wote uliokuwepo kijijini hapo ulitumika, na bado mama hakufika. Ndiyo maana naona tunakosea tunapolizungumzia jambo hili kama suala la moyo, kana kwamba watu wangekuwa na huruma zaidi vifo vingepungua. Huruma ilikuwepo ya kutosha. Kilichokosekana ni kitu ambacho huruma ya usiku ule isingeweza kukiunda: gari zima, mafuta yaliyolipiwa wiki iliyopita, dereva anayejua kwamba leo ni zamu yake, daraja lililojengwa kabla ya mvua.

Hapa ndipo anapoinuka mwenye hoja ya kwanza, nayo nzito kuliko zote kwa sababu inatoka katika imani. Atasema: umri wa mtu uko mikononi mwa Mungu, gari lingekuja au lisingekuja, aliyeandikiwa kufa angekufa. Sitaki kumjibu kwa kumdharau, kwani anachokisema juu ya elimu ya Mungu ni sehemu ya itikadi ya mamilioni ya watu, nami sina haja ya kuigusa. Namwomba tu akumbuke kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kwamba huko kuna tauni. Baada ya kushauriana na masahaba aliamua kurudi na watu wake. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, na jibu la Umar likawa kwamba wanaikimbia kadari moja kuielekea nyingine, nayo pia ni ya Mwenyezi Mungu. Akampa mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapowalisha, atakuwa amewalisha kwa kadari, lakini hakuna atakayemsamehe kwa kuchagua upande mkavu. Mafunzo ya kisa hiki yako wazi. Kadari si ratiba tuliyokabidhiwa tuisome. Hatujui kilichoandikwa mpaka kimeshatokea, na kabla hakijatokea tunachokijua ni wajibu wetu. Anayetumia kadari kueleza kifo kilichopita anajifariji kwa haki. Anayeitumia kueleza kwa nini mwaka ujao hapatakuwa na gari, huyo anajitwalia elimu ambayo hakupewa.

Tena ushahidi uko mbele ya macho yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Tanzania wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Makadirio ya aina hii huwa na upana wa makosa, na wapo wanaoyajadili, lakini hata ukiyapunguza kwa ukali mwelekeo wake haubadiliki. Katika miaka hiyo vilijengwa na kukarabatiwa vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji, wakaajiriwa watumishi, na katika baadhi ya maeneo ukaanza kutumika mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama. Iwapo mtu atashikilia kwamba kila mama aliyefariki mwaka 2015 alikuwa ametimiza siku zake, itabidi aeleze kwa nini siku hizo zinaongezeka kila kinapojengwa chumba cha upasuaji.

Narudi kwenye fardhi kifaya. Fardhi ya aini humlazimu kila mtu kivyake: hakuna anayeweza kukusalia sala yako. Fardhi kifaya ni wajibu wa kundi: ikiwa wapo wanaoutekeleza, wengine wamesalimika, ikiwa hakuna, dhambi ni ya wote waliokuwa na uwezo wakanyamaza. Mfano tunaoujua sote ni maziko. Maiti ya mgeni asiye na ndugu ikikutwa kijijini, hakuna anayeuliza inamhusu nani; ikioza juu ya ardhi, kijiji kizima kimekosa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiweka elimu ya tiba katika fardhi hizi waziwazi, kisha akalalamika katika kitabu chake cha Ihya kwamba miji mingi haina tabibu Mwislamu hata mmoja ilhali watu wanasongamana kwenye fiqhi na mabishano yake. Na sababu aliyoitoa haikuwa ya kupendeza: fiqhi ilifungua milango ya ukadhi, usimamizi wa wakfu na mali ya mayatima, na tiba haikufungua milango hiyo. Mwalimu wake, Imamu Juwayni, alifika mbali zaidi. Aliona kwamba mwenye kutekeleza fardhi kifaya anaweza kuwa na daraja kubwa kuliko mwenye kutekeleza fardhi ya aini, kwa sababu wa pili anaondoa lawama juu ya nafsi yake tu, na wa kwanza anaiondoa juu ya umma mzima. Ukilitazama hivyo, dereva wa gari la wagonjwa anayekesha zamu Liwale au Ngorongoro amewabebea wajibu watu wengi wasiomjua, wakiwemo wanaokaa mbali kabisa na barabara anayopita.

Tofauti kati ya fardhi na sadaka ndiyo inayoamua kila kitu hapa. Sadaka humpa sifa anayetoa, na asiyetoa hana lawama. Mfadhili akileta gari la wagonjwa, likakabidhiwa kwa vitambaa vya rangi na ngoma, kisha mwaka wa pili likakosa tairi, kwa hesabu ya sadaka hakuna aliyekosa: aliyetoa alitoa, na waliopokea walishukuru. Kwa hesabu ya fardhi, siku lile gari liliposimama deni lilirudi juu ya kila mwenye uwezo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 14, inamtambulia kila mtu haki ya kuishi, na inasema kwamba hifadhi ya maisha hayo ataipata kutoka katika jamii kwa mujibu wa sheria. Haikusema ataipata kwa ndugu zake wala kwa wahisani. Sijui kama waandishi wa ibara ile walikuwa na fiqhi akilini, lakini hukumu waliyoiandika ni ileile.

Msomaji Mkristo asidhani kwamba hoja hii haimhusu. Simulizi ya Msamaria Mwema, katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, huhubiriwa mara nyingi kama somo la huruma. Isome tena kwa jicho la mtu wa huduma za dharura. Msamaria anafunga majeraha na kuyamiminia mafuta na divai. Hiyo ni huduma ya kwanza. Anampandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Huo ni usafiri. Anamfikisha nyumba ya wageni na kumuuguza. Hapo ndipo penye kituo. Kesho yake anampa mwenye nyumba dinari mbili na kuahidi kwamba gharama ikizidi atailipa akirudi. Hiyo ni bima. Luka ametumia maneno mengi zaidi kueleza mambo haya ya kazi kuliko aliyoyatumia kueleza alichohisi Msamaria moyoni. Na bado simulizi ina kasoro moja kwa hoja yetu, kasoro ambayo Martin Luther King aliigusa katika kanisa la Riverside, New York, tarehe 4 Aprili 1967, aliposema kwamba haitoshi kuwa Msamaria pembezoni mwa barabara. Barabara yenyewe ya Yeriko lazima ibadilishwe. Kasoro ninayoiona mimi iko karibu na hiyo: Msamaria alikuwa anapita tu. Angepita kesho yake, majeruhi angekuwa maiti.

Kasoro hiyohiyo imo katika hoja maarufu ya mwanafalsafa Peter Singer. Mwaka 1972 aliandika kwamba ukipita kando ya bwawa la maji mafupi ukaona mtoto anazama, huna ruhusa ya kumwacha kwa kuogopa kuchafua nguo. Kisha akahoji kwamba umbali haubadilishi wajibu huo, na mtoto aliye nchi ya mbali anakudai vilevile. Nakubaliana naye kuhusu umbali. Lakini mfano wake umeshatatua sehemu ngumu kabla haujaanza, kwa kumweka mpita njia penye bwawa. Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika visivyofikika ila kwa boti, au huko ambako barabara hukatika tangu Machi hadi Mei, bwawa lipo, mtoto yupo, mpita njia hayupo. Swali la vijijini haliulizi kama aliyeona ataingia majini. Linauliza nani atakaa pale miezi yote ambayo hakuna mtoto aliyezama. Na kukaa pale hakuwezi kuwa fadhila ya mtu mmoja, kwa sababu mtu mmoja ana shamba lake, ana usingizi wake, ana safari zake. Ni kundi tu linaloweza kumweka mtu, kumlipa, na kumpa wa kupokezana naye.

Udhaifu wa wajibu wa wote unajulikana, na wanaopinga hoja yangu wana haki ya kuutaja: kazi ya wote huishia kuwa si ya mtu. Kila mmoja humdhania mwenzake. Halmashauri inaidhania wizara, wizara inaidhania halmashauri, kijiji kinamdhania diwani. Nakiri kwamba fardhi kifaya ikiachwa hewani huleta uzembe. Ndiyo sababu wanazuoni hawakuiacha hewani. Walisema kwamba asipokuwepo ila mtu mmoja anayeweza, basi juu yake inageuka fardhi ya aini. Na walimpa kiongozi jukumu la kuhakikisha wapo watu wa kuitekeleza. Inasimuliwa kwamba Umar huyohuyo aliogopa kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa Iraq kwa kuwa hakumtengenezea njia, na yeye yuko Madina. Iraq ilikuwa mbali na Madina kuliko Tunduru ilivyo mbali na Dodoma.

Kwa hiyo kazi ya mpango mzuri wa dharura, ukiutazama kimaadili, ni kuugeuza wajibu wa wote uwe wajibu wa mtu mwenye jina kwa saa fulani. Hilo ndilo jambo lililofanywa na m-mama. Simu inapigwa bila malipo namba 115. Upande wa pili kuna mtu wa afya mwenye orodha ya maswali, anayepima ukubwa wa tatizo. Gari la wagonjwa kama lipo linatumwa, na kama halipo anatafutwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, mwenye gari lake mwenyewe, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Hapo hakuna tena kuchangishana mafuta usiku, wala ndugu kumbembeleza mwenye gari. Deni la jamii limepata jina la mtu na nauli ya mtu. Upungufu wa m-mama ni kwamba umewashika kwanza wajawazito na watoto wachanga, ambao ni kweli walistahili kutangulia. Aliyeumwa na koboko akipalilia mihogo, aliyeanguka toka juu ya mnazi, mwenye kifafa, wote hao wanaidai jamii deni lilelile ambalo halijalipwa.

Na wanaofika kwanza si lazima wawe wataalamu. Ndege ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, walioifikia mwanzo walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika, 19 wakafa. Mbali na hapa, katika maeneo ya vijijini ya Iraq ya kaskazini na Kambodia yaliyojaa mabomu ya ardhini, daktari Hans Husum na wenzake waliwafundisha wanakijiji maelfu huduma ya kwanza, na wahudumu wa ngazi ya kati ufundi wa juu zaidi. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2003 yalionyesha kwamba vifo kati ya majeruhi vilishuka kutoka asilimia 40 hadi karibu asilimia 15 katika miaka mitano. Hawakununua helikopta. Walifundisha mikono iliyokuwepo.

Sasa nakuja kwenye pingamizi la wachumi, ambalo nimelisikia likitolewa kwa heshima na watu wenye nia safi. Wanasema bajeti ya afya ni finyu, na shilingi iliyotumika kwenye chanjo au chandarua inaokoa watu wengi kuliko iliyotumika kwenye gari linalongoja. Gari la wagonjwa la kijiji chenye kaya chache litalala siku nyingi bila safari, dereva atalipwa kwa kukaa, mafuta yatazeeka tangini. Hesabu yao ina ukweli ndani yake, nami sidai kwamba kila kitongoji kipate gari lake, wala kwamba mtu wa Mlele afikiwe kwa dakika zilezile za mtu wa Kariakoo. Hata fardhi ina mipaka ya uwezo. Ila hesabu hiyo inakosea mahali pawili. Kwanza, inaita kungoja upotevu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya nusu ya vifo katika nchi za kipato cha chini na cha kati vinatokana na hali ambazo huduma ya dharura ingeweza kuzitibu. Huduma hiyo haipo pasipo mtu wa kungoja. Waislamu wanafahamu ujira wa ribati, yaani kukesha kulinda mpaka. Anayelinda mpaka usiku ambao adui hakuja hakupoteza usiku wake; ulinzi ndio kazi yenyewe, na usiku mtulivu ni sehemu ya matunda yake. Hakuna anayedai jeshi livunjwe kwa sababu mwaka umepita bila vita.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Hesabu ya vichwa kwa shilingi, ikiachwa iamue peke yake, itampendelea wa karibu siku zote, kwa sababu kumfikia wa mbali ni ghali daima. Mwaka huu itamwacha, mwakani itamwacha, na mtoto wake itamwacha, bila mtu yeyote kusema waziwazi kwamba maisha yake yana thamani ndogo. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na takribani theluthi mbili yao wanaishi vijijini. Hao hulipa kodi ndani ya bei ya sabuni, sukari na dizeli sawa na mtu wa mjini. Mchele wa mjini unatoka kwao. Kanuni ambayo kila mwaka inawachukua watu hao kama walipaji na kuwasahau kama wagonjwa haiwezi kuitwa haki hata kama kila mstari wa hesabu yake umejumlishwa sawasawa.

Nchi nyingine zililijibu swali hili la gharama ya umbali zikiwa bado hazijawa na utajiri wa leo. Uskoti, mwaka 1912, kamati iliyoongozwa na Sir John Dewar iliripoti jinsi watu wa milima na visiwa vya kaskazini walivyokuwa wakifa bila kuonwa na daktari, kwa kuwa hakuna daktari aliyeweza kuishi kwa ada za wakulima maskini waliotawanyika. Mwaka uliofuata serikali ilianza kuwalipa madaktari wakae huko na kuwagharimia safari, miaka 35 kabla Uingereza haijawa na huduma ya afya ya taifa. Australia, mchungaji wa Kipresbiteri aitwaye John Flynn alianzisha mwaka 1928 huduma ya madaktari wa ndege kutokea Cloncurry. Ndege peke yake isingefaa kitu; wakaazi wa mashamba ya mbali hawakuwa na njia ya kuita, mpaka Alfred Traeger alipobuni redio inayozalisha umeme kwa kupiga pedali. Afrika Mashariki nayo ilipata madaktari wake wa ndege kupitia AMREF, iliyoasisiwa mwaka 1957. Sehemu zote hizi watu walikubali kwanza kwamba umbali ni gharama ya wote, ndipo wakaanza kuhesabu.

Wapo wanaosema kwamba anayekaa mbali amechagua. Pingamizi hili halistahili nafasi kubwa. Watu wengi wa vijijini wako pale walipozaliwa, pale ardhi ilipo, na baadhi ya vijiji vyenyewe vilipangwa na serikali wakati wa operesheni ya kuwahamishia watu vijijini ya miaka ya 1970. Tena taifa linawahitaji wawe huko.

Pingamizi la udugu ni zito zaidi. Kwetu mgonjwa ni wa ukoo wake. Kumpa mgeni jukumu la kumbeba ni kama kuwavua ndugu heshima yao. Naiheshimu hisia hii, na nimeshaeleza kwamba udugu ndio uliombeba mama yule hadi mtoni. Lakini tazama nani analipia. Kaya iliyouza mbuzi na gunia la mpunga usiku ule ili kupata gari ndiyo kaya iliyokuwa na kidogo kuliko zote, na gharama hiyo inawafuata hadi msimu ujao. Ukoo ubaki na kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza: kumshika mgonjwa mkono, kutoa damu, kukaa naye wodini, kuamua haraka usiku bila kungoja baba mwenye mji arudi safari. Gari, njia na mafuta si heshima ya ukoo.

Sheria nazo zina nafasi yake, ingawa ni nusu ya jibu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43(2), inakataza mtu yeyote kunyimwa tiba ya dharura. Ni kifungu kizuri, na bado mwaka 2015 majeruhi mmoja alizungushwa Nairobi ndani ya gari la wagonjwa kwa saa nyingi akitafutiwa kitanda, kisha akafariki. Tanzania tumekuwa na mazoea ya muda mrefu ya majeruhi kudaiwa fomu ya polisi, PF3, kabla ya kushonwa kidonda, na viongozi wamelazimika kukumbusha mara kwa mara kwamba atibiwe kwanza. Mambo haya hutokea mlangoni mwa hospitali. Kifungu kinachokataza kufukuzwa mlangoni hakimsaidii ambaye hakufika mlangoni, na wa kijijini hafi kwa kufukuzwa. Anafia njiani, mahali ambapo hakuna mtumishi wa kushitakiwa, na kwa sababu hiyo tumezoea kudhani kwamba hakuna kosa.

Kosa lipo, na limegawanyika kwa kadiri ya uwezo. Fungu kubwa ni la wenye kupanga bajeti na barabara. Fungu lingine ni la misikiti na makanisa yetu, ambayo hukusanya zaka, sadaka na michango ya majengo, na mara chache sana huuliza kama kata yao ina dereva wa zamu. Sisi wengine hatukubakishwa nje. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Msomaji uliye na kwenu, na wengi wetu tuna kwetu, ukirudi huko kwa likizo au kwa msiba, hudhuria mkutano huo. Uliza mbele ya watu usiku wa leo anapigiwa nani, gari linatoka wapi, mafuta yamelipiwa na nani, na mto ukijaa njia ya pili ni ipi. Asipopatikana wa kujibu, msitawanyike kabla hamjamtaja mtu kwa jina na kuandika namba yake kwenye ukuta wa zahanati.